Vitamini C ya tikiti pori inapotelea kwenye kisu na kwenye kopo, sio juani tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hii yangu ni ndefu ila naomba msiikate katikati, maana kwenye hili jambo maelezo nusu ni mabaya kuliko kukaa kimya. Juzi mlichapa makala ya kukausha mboga ya tikiti pori na kwa kweli nilifurahi sana kuiona, mboga hii watu wanaipita tu njiani kama gugu wakati ni ndugu wa damu wa tango, boga na tikiti maji, majani yake machanga yanaliwa na matunda yake madogo yanaliwa kabla hayajakomaa. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi ya kuchuma na kuosha, hapo sina neno. Ila alipofika kwenye kukausha akasema kata vipande vyembamba, anika, vikishakauka weka kwenye chupa, na vitamini C itakaa humo mwaka mzima. Hapana jamani. Haikai.

Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari na hii mboga naikausha mwenyewe kila msimu, kwahiyo naongea kama mtu wa darasani na mtu wa jikoni kwa pamoja. Na ninachotaka kusema ni kimoja: watu wanabishana miaka yote jua au kivuli, jua au kivuli, wakati sehemu kubwa ya vitamini C inaondoka kabla mboga haijafika huko kwenye kuanikwa, inaondoka pale kwenye ubao wa kukatia, alafu inayobaki inaondoka taratibu ndani ya kopo. Jua lipo hapo katikati na lenyewe lina makosa yake, sikatai, ila sio mwizi peke yake.

Nianze na kisu. Ndani ya jani na tunda la jamii hii ya matango na maboga kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ndani ya mmea, ambacho kazi yake ni kuichukua vitamini C na kuiunganisha na oksijeni. Familia hii inacho kwa wingi, ndo maana wataalamu wanaokichunguza wamezoea kukitoa kwenye matango na maboga. Jani likiwa zima kimeng'enya kinakaa sehemu yake na vitamini inakaa sehemu yake, hawakutani sana. Ukikata, ukitwanga, hata ukifikicha tu kwa mkono, zile kuta zimevunjika, vimekutana, na hewa imeingia, basi kazi imeanza hapo hapo. Sasa fikiria mtu anakata beseni zima la majani saa tatu asubuhi alafu anaenda kutafuta mkeka wa kuanikia, anaongea na jirani, anarudi saa tano, yale majani yamekaa masaa mawili yamekatwa na yana joto la kawaida ambalo kimeng'enya kinalipenda mno. Akishaanika yanachukua siku mbili au tatu kukauka na muda wote huo kimeng'enya bado kina maji ya kufanyia kazi. Hapo hata ukianika kwenye kivuli kizuri kiasi gani umeshachelewa.

Niliwafanyia wanafunzi jaribio la hili na mtu yeyote mwenye maabara ndogo anaweza kurudia. Tulipima majani mabichi mafungu matatu yenye uzito sawa. Fungu la kwanza tulilisaga na maji papo hapo tukachuja. La pili tulilikata tukaliacha mezani mpaka mchana ndo tukasaga. La tatu tulilipitisha kwenye mvuke likiwa zima, tukalikata, nalo tukaliacha mpaka mchana ule ule. Maji ya kusagia tulitumia kiasi kile kile kwa yote. Kisha unachukua iodini uliyoizimua pamoja na uji mwepesi wa wanga, inakuwa na rangi ya bluu iliyokolea, unadondoshea yale maji ya mboga tone kwa tone huku unahesabu mpaka bluu ipotee. Vitamini C ndo inaiondoa hiyo rangi, kwahiyo matone yakiwa machache maana yake vitamini ni nyingi. Fungu lililokatwa bichi na kuachwa lilitumia matone mengi mno mpaka mwanafunzi mmoja akauliza mwalimu hii dawa imeharibika? Haikuharibika. Lile la mvuke lilikuwa karibu zaidi na lile la papo hapo kuliko nilivyotegemea mwenyewe. Niseme ukweli kuwa jaribio hili sio kipimo cha maabara kubwa, kuna vitu vingine kwenye jani vinavyoweza kuondoa rangi ya iodini kidogo, ila kwa kulinganisha fungu na fungu la mboga ile ile linatosha kumfungua mtu macho.

Kwahiyo dawa ya kisu ni moto wa muda mfupi KABLA ya kisu. Kimeng'enya ni protini, kikipigwa joto kali kinakufa, na vitamini C yenyewe inavumilia dakika mbili tatu za mvuke bila kuumia sana. Majani yaoshe yakiwa mazima, chemsha maji kidogo chini ya sufuria, weka juu yake chujio au chekeche lisilogusa maji, yatandaze majani kwa tabaka jembamba, funika, hesabu dakika mbili mpaka tatu tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Usijaze chekeche, ukijaza majani ya katikati yanapata uvuguvugu tu na uvuguvugu ndo unaamsha kimeng'enya badala ya kukiua, yaani umefanya kinyume kabisa. Matunda madogo yapasue mara mbili tu, yakae kwenye mvuke dakika tatu hadi tano, yatoe, yapoze haraka, ndo sasa ukate vipande vyembamba vya kuanika.

Kuna watu wanachovya kwenye maji yanayochemka badala ya mvuke, inafanya kazi ya kuua kimeng'enya, ila vitamini C inayeyuka kwenye maji, kwahiyo kila ukichovya kuna inayobaki kwenye sufuria na ukimwaga yale maji umeimwaga. Kama huna jinsi zaidi ya kuchovya basi maji yawe kiasi, yawe yanachemka kweli kweli, na majani yakae muda mfupi sana, na yale yale maji uyatumie kwa fungu la pili na la tatu usibadilishe kila mara. Na tafadhali sana msitie magadi wala soda ya kuokea ili mboga ibaki kijani. Ni kweli inabaki kijani cha kupendeza, lakini vitamini C inaharibika haraka ikiwa kwenye magadi, inapenda uchachu. Vivyo hivyo sufuria ya shaba au chombo kilichoshika kutu, shaba na chuma vinaharakisha kuharibika kwake, tumia chombo cha kioo, cha udongo uliopakwa vizuri, au stenlesi. Vipande vya tunda unaweza kuvinyunyizia maji ya limao baada ya mvuke, ule uchachu unailinda iliyopo na limao lenyewe linaongeza kidogo.

Sasa kuanika. Hapa ndo makala yenu ilikaa muda mrefu na mimi nitapita haraka. Jua la moja kwa moja linaharibu kwa mwanga wake na kwa joto, na sio vitamini C tu, hata ile rangi ya njano iliyojificha chini ya kijani ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A inafifia kwenye mwanga. Kivuli chenye upepo ni bora, ila kivuli chenye unyevu na hewa iliyosimama ni kibaya kuliko jua, mboga inakaa siku nne ikiwa na maji, inachacha, inaota ukungu. Kinachotakiwa ni kukauka haraka bila mwanga na bila moto mkali. Kikaushio cha sola kile ambacho trei zimefunikwa na hewa ya moto inapita chini kwenda juu ndo kizuri kuliko vyote, joto kati ya nyuzi 50 na 60 za selisiasi linatosha. Mtu asiye nacho aweke neti chini ili hewa ipite pande zote, na juu afunike kitambaa cheusi kilichoinuliwa kisiguse mboga. Tabaka liwe moja tu. Geuza. Jioni ingiza ndani maana umande wa usiku unarudisha maji yote uliyohangaika kuyatoa mchana.

Na likishakauka liache, usiendelee kulikaanga juani eti kwa usalama zaidi. Mboga ikiwa na maji mengi inajipoza yenyewe kwa yale maji yanayotoka, ndo maana mwanzoni inavumilia joto, ila ikikaribia kukauka hakuna tena cha kuipoza na joto lote linaingia ndani yake. Jani likivunjika ukilifinya mkononi, kipande cha tunda kikikatika badala ya kupinda, umemaliza.

Nimefika kwenye kopo na hapa nina uchungu nako maana nimeshapoteza mzigo wa msimu mzima hapa. Mwaka mmoja nilifanya kila kitu sawa sawa, mvuke, neti, kitambaa cheusi, nikapata majani mazuri yana kijani kilichotulia, nikayaweka kwenye chupa kubwa ya kioo cheupe na chupa nikaiweka dirishani jikoni kwa sababu inapendeza kuiangalia na kila siku naifungua nachota kidogo. Baada ya miezi michache yalikuwa yamekuwa rangi ya nyasi kavu na harufu ya nyasi kavu. Tulipopima kwa iodini rangi haikutaka kuondoka kabisa. Kazi yote ile ya mvuke ikaishia dirishani.

Mboga kavu haijalala usingizi ndugu mhariri. Hewa iliyomo kwenye chupa bado ina oksijeni, mwanga bado unaingia, na joto la jikoni linaharakisha yote hayo, kanuni ya jumla tunayofundisha darasani ni kwamba joto likipanda nyuzi 10 mwendo wa kuharibika unakaribia kuwa maradufu. Unyevu nao, mboga ikivuta unyevu kidogo tu vitamini C inaanza kukimbia tena, na unyevu ukizidi unakuja ukungu na ukungu mwingine unaleta sumukuvu ambayo hata ukipika haitoki. Kwahiyo wiki ya kwanza weka mboga kwenye chupa iliyofungwa, itikise kila siku, ukiona ukungu wa maji kwenye kioo kwa ndani ujue haijakauka, irudishe kwenye neti. Ikishapita hapo gawanya kwenye vyombo VIDOGO, kila kimoja cha kutosha mapishi machache, shindilia ili hewa isiwe na nafasi, funga kwa nguvu, weka gizani kwenye sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba, mwenye friji aweke kwenye friji. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana ni zuri kuliko kioo cheupe, na mfuko mwembamba wa plastiki usiutegemee, unapitisha hewa polepole hata kama macho hayaoni. Usisage unga wa mwaka mzima kwa siku moja, unga unagusana na hewa kila upande, saga cha kutumia wiki hiyo. Na andika tarehe. Mboga ya miezi mitatu na mboga ya miezi kumi sio kitu kimoja hata kama sura zinafanana.

Kuna jambo la mahesabu nalo naliona linapotosha watu wengi, hata wasomi. Mtu anakwambia mboga yangu kavu ina vitamini C nyingi kuliko mbichi, nimepimisha. Tuseme mboga mbichi ina miligramu 40 kwenye gramu 100, alafu akapima kavu akakuta miligramu 60 kwenye gramu 100, anashangilia. Lakini gramu 100 za kavu zimetoka kwenye kilo moja ya mbichi au karibu na hapo, maana mboga hii sehemu kubwa ni maji. Kilo moja mbichi ilikuwa na miligramu 400. Zimebaki 60. Amepoteza 340, asilimia 85 imekwenda, na yeye anaona ameongeza. Namba hizi ni za mfano tu ili hesabu ieleweke, ila hilo kosa nimelikuta mara nyingi kwenye vipeperushi na linaniuma kwa sababu mama anayesoma anaamini.

Tena hili la kuamini kuwa ukihifadhi umehifadhi vyote limewahi kuwagharimu watu wenye akili nyingi kuliko sisi. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliokuwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, wawili wawili, kila kundi akalipa kitu tofauti, waliopewa machungwa na malimao ndo walioinuka haraka. Ushahidi anao mkononi. Alafu yeye mwenyewe akatafuta njia ya kuhifadhi ile juisi melini, akapendekeza ichemshwe taratibu kwa masaa mengi mpaka iwe nzito kama asali, itiwe kwenye chupa. Ile asali ya limao ilikuwa na uchachu wake na harufu yake lakini sehemu kubwa ya kile chenye kuponya ilikuwa imeharibiwa na ule moto na ule muda. Wakati huo hakuna aliyejua vitamini C ni nini, ilikuja kujulikana miaka ya 1930 na mwanasayansi wa Hungaria Albert Szent-Györgyi akapata tuzo ya Nobel mwaka 1937. Sisi tunajua, kwahiyo hatuna sababu ya kurudia.

Sasa mtu asije akasema huyu mwalimu anatukataza kukausha. Sikatazi hata kidogo. Mboga kavu inabaki na madini yake, nyuzinyuzi zake, na kama umeificha isipate mwanga inabaki na sehemu ya ile rangi ya vitamini A, na kuwa na mboga wakati hakuna mboga ni jambo kubwa kwenye nyumba yoyote. Hata vitamini C ukifuata njia ya mvuke na giza kuna inayobaki, na mwili hauhitaji mlima, shirika la afya duniani limeweka miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, na kiasi cha 10 tu kinazuia kiseyeye. Ninachokataa ni kumwambia mtu kopo lake linatosha kwa mwaka mzima akaacha kutafuta tunda bichi. Na kuna faida nyingine ya kuweka kitu kibichi chenye uchachu kwenye sahani moja na mboga kavu, madini ya chuma yaliyomo kwenye majani mwili unayachukua kwa shida, vitamini C ikiwepo kwenye mlo huo huo inasaidia yachukuliwe zaidi. Kwa mama mjamzito na mtoto hilo sio jambo dogo.

Kwenye kupika nina machache. Loweka kwa maji kidogo ya kufunika tu na hayo maji uyapike usiyamwage. Vitu vingine viive kwanza, mboga iingie mwishoni, funika sufuria, usipashe pashe mara tatu. Limao likamuliwe ukishaipua.

Na moja la hatari ambalo makala haikuligusa kabisa, matikiti pori mengine ni machungu, na huo uchungu ni sumu inayopatikana kwenye familia hii, inasababisha kutapika na kuhara vibaya. Kuchemsha hakuiondoi, kukausha hakuiondoi, ukikausha ndo umeikusanya pamoja. Kila tunda kabla ya kwenda kwenye mvuke likate kidogo uguse kwa ncha ya ulimi uteme, likiwa chungu litupe, na usiseme moja tu halitaharibu mzigo, kwenye kopo hutalijua tena lipo wapi. Na kama mmea huujui vizuri usiuchume, muulize kwanza anayeufahamu.

Naomba basi ndugu mhariri ile sentensi ya mwaka mzima isahihishwe kwenye toleo lijalo, pale pale ilipotoka na kwa herufi za ukubwa ule ule, maana walioisoma wameshaanza kuanika. Na siku nyingine mtu akiwaletea namba za vitamini kwenye mboga kavu, kabla hamjachapa mumuulize hizo gramu 100 zimetokana na kilo ngapi mbichi, na zilikaa kwenye kopo miezi mingapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa kemia